Waliochoka Wakashika Brashi

Ana taban. Ni Kiarabu cha Juba, lakini msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: niko taabani. Wasanii vijana wa Sudan Kusini walijipa jina hilo mwaka 2016, walipochoshwa na vita, wakaanza kuwapelekea vijana wenzao sanaa mitaani na sokoni.

Kazi ya kuchora ukutani ni ngumu kuliko inavyoonekana pichani. Ukuta una mwenyewe, kwa hiyo wasanii huanza kwa kuomba. Akikubali, mamlaka nayo ina neno lake. Ndipo ukuta hukwanguliwa, hupakwa rangi ya chini, mchoro hupimwa, na wachoraji husimama chini ya jua la Machi, joto likipita nyuzi 35, maana mvua za Aprili hazingoji rangi ikauke.

Igizo nalo halina pazia. Duara la watu ndilo ukumbi, na mwigizaji hupaza sauti kushinda bodaboda. Lugha ni Kiarabu cha Juba, ile inayowakutanisha Mdinka, Mnuer na Mbari mbele ya meza moja ya nyanya. Kwangu, hilo ndilo kubwa kuliko yote. Kwa lugha hiyohiyo wasanii wa nchi hii waliigiza Cymbeline ya Shakespeare katika ukumbi wa Globe, London, mwaka 2012.

Mwenye ukuta, mwalimu anayefungua darasa, jirani mwenye jenereta: bila hao hakuna onyesho. Nawe ukiwa na ukuta mtupu Juba, wape wasanii hawa.