Tandiko la Mgongo Usiotulia

Aulizwapo mjuzi wa farasi ni tandiko gani limfaalo mwana-farasi anayeanza kufundishwa, aghalabu jawabu lake huanzia kwenye ngozi, likapitia kwenye sifa za fundi, likaishia kwenye bei. Nami, ambaye ghaya yangu hapa ni kulichambua jambo hili kwa kadiri ya sanaa yake na si kwa kadiri ya soko lake, naona jawabu la namna hiyo limepita kando ya mas'ala yenyewe, kwa kuwa mgongo wa mnyama mchanga si kitu kipimwacho leo kikatumainiwa kesho. Farasi wa miaka mitatu, ambao ndio umri ambao wengi huanza kumzoeza uzito wa mtu, hajakamilika hata kidogo: mifupa ya uti wake wa mgongo huendelea kukomaa mpaka apate miaka mitano au sita, nundu ya mabega yake huinuka polepole, na nyama za ubavuni mwa uti huo, ambazo ndizo hasa zibebazo tandiko, hutuna kwa kazi na kusinyaa kwa mapumziko. Tandiko lililomkaa barabara siku ya kwanza laweza kumbana mabegani kabla mwaka haujatimia, naye mnyama, asiyekuwa na ulimi wa kushitaki, hushitaki kwa kukunja masikio, kwa kuuma hewa afungwapo ukanda wa tumbo, na mwisho kwa kumrusha mpandaji. Hapo huambiwa kwamba ana tabia mbaya.

Atakaye kuiona hoja hii katika hali yake iliyo kali kabisa, na aelekee kusini mwa Tanzania, kwenye nchi ya Nachingwea na Ruangwa, ambako farasi hakupata kuwa mwenyeji. Nchi hiyo ilikuwa na miombo mingi, na miombo ndiyo makao ya mbung'o. Na tangu 1895, alipobainisha daktari David Bruce huko Zululand kwamba nagana, maradhi ya kuwakondesha wanyama, hutokana na vimelea vya damu vinavyochukuliwa na mbung'o, imefahamika kwa nini mnyama aingiaye humo akiwa amenenepa hutoka, akitoka, akiwa mifupa. Maradhi haya hayaui papo hapo kila mara. Humla mnyama kidogo kidogo, damu ikapungua, homa ikaja na kwenda, tumbo likavimba kwa chini, na nyama za mgongo zikayeyuka ingawa malisho yapo. Kwa fundi wa matandiko maana yake ni moja tu: kile kiunzi cha mbao na chuma kilicho ndani ya tandiko, kilichokuwa kimelala juu ya nyama, sasa kimeshuka hata kikagusa mfupa. Mgongo wa mwana-farasi hupanuka, na wa farasi mgonjwa hupungua. Walakini yote mawili ni mgongo usiotulia, na dawa yake, kwa upande wa tandiko, yakaribia kuwa moja.

Mtihani wa hoja hii ulifanywa, pasipo mtu kuukusudia, katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 majeshi ya Waingereza yalimwandama von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, kwa njia mbili, moja kutoka Lindi na nyingine kutoka Kilwa, na Oktoba ya mwaka huo wale wa Kilwa wakaiteka Ruponda, karibu na ulipo sasa mji wa Nachingwea, pamoja na akiba kubwa ya chakula cha Wajerumani. Siku chache baadaye, tarehe 15 hata 18, yakapiganwa mapigano makali ya Mahiwa, upande wa mashariki. Miongoni mwa waliotumika katika vita hivyo walikuwamo wapanda farasi wa Kihindi wa kikosi cha 25. Farasi na nyumbu walikufa kwa wingi uliowatia hofu hata maofisa waliozoea vita, na mizigo ikarudi juu ya vichwa vya wapagazi, ambao wao pia walikufa kwa maelfu na maelfu. Habari yao ni nzito mno kutiwa ndani ya makala ya matandiko, nami naipita kwa heshima.

Sasa tulitazame tandiko ambalo jeshi la Uingereza lilikuwa limelipitisha mwaka 1912, maana kwa rai yangu ndilo lililobeba akili kubwa kuliko mengi yaliyolitangulia. Matandiko ya kawaida huwa na kiunzi kigumu, chenye upana mmoja tangu siku ya kuundwa mpaka siku ya kuvunjika. Hili la 1912 lilikuwa na tao la chuma mbele na tao la chuma nyuma, na mbao mbili za ubavuni zilizoshikwa na matao hayo kwa bawaba, hata mbao zikaweza kugeuka kidogo na kuufuata mteremko wa mgongo uliopo, uwe mnene au mwembamba. Chini yake halikuwekwa godoro lililoshonwa moja kwa moja, bali blanketi la sufu lililokunjwa. Na hapo ndipo ulipokuwa ufundi wa askari mwenyewe, kwa sababu farasi alipokonda, blanketi lilikunjwa upya, likaongezwa unene mahali palipobonyea, likaachwa wazi juu ya uti wa mgongo, kisha likasukumwa juu ndani ya tao la mbele ili lisiikandamize nundu ya mabega. Tandiko halikubadilika, kilichobadilika ni mkunjo.

Tena kulikuwa na adabu za safari zisizohitaji chuma wala sufu. Mpandaji alishuka akatembea sehemu ya njia, na alipofika kambini hakuvua tandiko kwa pupa, bali alilegeza ukanda na kuliacha kitambo juu ya mgongo hata upoe, kwa kuwa damu ikirudi ghafula mahali palipobanwa kutwa, ngozi huvimba, na uvimbe huo kesho yake huwa kidonda. Pamoja na hayo yote, hakuna bawaba wala mkunjo ulioweza kumwokoa farasi na mbung'o. Tandiko jema lilimfanya tu afe bila donda.

Nusu karne kabla ya vita hivyo msafiri David Livingstone alikuwa amewajaribu wanyama kwa mbung'o kwa makusudi. Machi 1866 aliteremka Mikindani na ngamia 6, nyati 3 wa kufugwa pamoja na ndama, nyumbu 2 na punda 4, akapanda nao kando ya mto Ruvuma, kusini ya nchi tunayoizungumza, apate kujua ni mnyama gani awezaye kustahimili mbung'o. Jaribio likaharibika, maana askari wa Kihindi aliokuwa nao waliwatwisha wanyama kupita kiasi na kuwapiga, mpaka ikawa muhali kupambanua aliyeuawa na mdudu na aliyeuawa na mzigo. Mchambuzi wa leo angemlaumu kwa kuacha sababu mbili zitende kazi pamoja; lakini mwenye mwana-farasi hutenda vivyo hivyo, atiapo tandiko baya na mafunzo mapya siku moja, kisha akashindwa kujua mnyama amekataa lipi.

Basi kwa mwana-farasi mimi ningechagua tandiko jepesi, lenye kiunzi kipana kidogo kuliko mgongo wa leo, na mito ya chini iliyojazwa sufu, kwa maana sufu huweza kuongezwa na kupunguzwa na fundi, ambapo sponji ikishalala imelala. Kiunzi kisikae juu ya mfupa wa bega, ila nyuma yake, ili mguu wa mbele upate nafasi ya kwenda. Na kwa nyuma mito isivuke ubavu wa mwisho, maana huko hakuna mbavu za kusaidia kubeba. Mfereji wa katikati uwe wazi toka mwanzo hata mwisho, na vidole viwili au vitatu vipite chini ya tao la mbele mtu akiwa amekwisha kukaa. Nafasi ya kiunzi kipana hujazwa na nguo ya chini, kwa kiasi, na hupunguzwa kadiri mnyama anavyotuna. Lakini kujaza nguo chini ya tandiko lililo jembamba ni sawa na kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana.

Wako wasifuo tandiko lisilo na kiunzi, wakidai kwamba hufuata kila mgongo. Hilo ni kweli kwa nusu: hufuata, ila uzito wa mpandaji hukusanyika pale vinapofungwa vikuku vya kupandia, badala ya kuenea. Kwa mtu mwepesi na muda mfupi halina madhara makubwa.

Utaratibu nao una neno. Kwanza ukanda mtupu wa tumbo, siku kadha wa kadha. Kisha tandiko pasipo vikuku. Mtu, mwisho kabisa. Kila baada ya kazi tandiko livuliwe na jasho lisomwe: mgongo wote ukiwa umelowa, na mahali pamoja pamebaki pakavu, hapo pana mbano, na pasipotengenezwa huota baadaye nywele nyeupe ambazo hazifutiki tena.

Hayo ni ya farasi; ama atakayethubutu kumtumia punda katika nchi ya Ruangwa, akakumbuka wale punda weupe wa Maskati waliokuwa fahari ya Unguja, na ajue kwamba punda hana nundu ya mabega ya kulizuia tandiko, na mgongo wake umenyooka. Kwa hiyo shogi la ukili lisitupwe juu yake hivi hivi, bali liwekewe chini mito miwili iliyotenganishwa, uti ukabaki huru katikati, na mizigo ya pande mbili ipimwe iwe sawa kabla ya kupakiwa. Penye mteremko shogi humkimbilia shingoni, na ukanda wa tumbo ukikazwa zaidi ili kulizuia humkata nyuma ya miguu ya mbele. Lizuiwe kwa ukanda mpana upitao nyuma ya mapaja, uliolegea kiasi cha kupitisha kiganja, ili usimkwaruze anapotembea tambarare.