Pongezi kwa Wauguzi wa Uti wa Mgongo
Kwa mkazi wa Kihurio, wilayani Same, Tanzania, aliyeanguka mtini akaumia ugwe wa mgongo, yaani kamba ya fahamu ipitayo ndani ya pingili za uti na kupeleka amri za ubongo miguuni, hospitali ya rufaa ya kanda ni KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako watafiti wamebaini kuwa kuanguka na ajali za barabarani ndivyo vyanzo vikuu vya majeraha hayo. Dawa ya kuuponya ugwe uliokatika haijapatikana popote duniani. Kinachookoa maisha ni kazi isiyoimbwa ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya mgandamizo. Wauguzi wanaoifanya wanastahili pongezi, na Serikali haina budi kuwaongezea wenzao.