Kazi Moja, Anwani Moja

DeSoto ni mji wa watu wapatao 56,000, kusini mwa Dallas, kando ya barabara kuu ya I-35E. Mfikirie dizaina kutoka Afrika Mashariki anayeishi hapo. Wateja wake si wa aina moja: kamati ya harusi inataka kadi za sendoff, kanisa linataka bango la mkutano wa injili, mwoka keki wa Cedar Hill anataka nembo, na mwenye mgahawa kule Houston, mwendo wa saa nne hivi kwa gari, anataka menyu mpya. Siku anapoamua kujenga tovuti ya kuonyesha kazi zake, uamuzi wa kwanza ni huu: aweke kila kitu kwenye ukurasa mmoja mrefu, au agawe kurasa nyingi?

Wengi hujibu kwa macho. Ukurasa mmoja unapendeza, unateremka laini chini ya kidole, hauna milango ya kufungua na kufunga. Lakini jambo hili haliamuliwi na uzuri, linaamuliwa na anwani. Jiulize ni vitu vingapi kati ya kazi zako vinavyohitaji kutumwa, kutafutwa na kuhesabiwa kimoja kimoja. Idadi hiyo ndiyo idadi ya kurasa unazohitaji.

Ukurasa mrefu ulitoka wapi

Tovuti ya kwanza duniani, aliyoiweka Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN mwaka 1991, ilikuwa na kurasa fupi zilizounganishwa kwa viungo. Kila hati ilikuwa na anwani yake, na yeyote aliweza kuielekezea kiungo bila kupitia mlango wa mbele.

Ukurasa mrefu ulipata nguvu baadaye. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, kuteremsha kwa kidole kukawa rahisi kuliko kulenga kiungo kidogo. Mwaka 2010 dizaina wa tovuti Ethan Marcotte alieleza namna ya kutengeneza ukurasa unaojipanga upya kulingana na upana wa kioo. Kisha Desemba 2012 gazeti la The New York Times likachapisha “Snow Fall”, simulizi ya John Branch kuhusu maporomoko ya theluji katika jimbo la Washington, ambamo maandishi, video na ramani vilitiririka pamoja msomaji akiteremka. Madizaina wengi waliiga umbo hilo.

Walichosahau ni sababu yake. “Snow Fall” ina mwanzo na mwisho, na anayeisoma anataka kujua nini kilifuata. Potifolio ni mkusanyiko. Kamati ya harusi haina haja ya kupita kwenye nembo ya keki ili ifike kwenye kadi. Inatafuta kitu kinachofanana na haja yake, ikione, iulize bei.

Alama ya reli na WhatsApp

Ukurasa mmoja hujitetea kwa kusema kwamba nao una anwani za ndani. Ni kweli: menyu yake hutumia alama ya reli (#), kwa mfano /#harusi, na kivinjari huruka hadi sehemu hiyo. Tatizo ni kwamba kipande kinachofuata alama ya reli hakifiki kwenye seva. Kivinjari hukibakiza kwake, kikaomba ukurasa mzima, kisha kikatafuta chenyewe pa kuruka. Kwa seva, /#harusi na /#nembo ni ombi lilelile.

Hapo ndipo biashara inapoumia, kwa sababu kazi za sherehe husambaa kwa magrupu ya WhatsApp. Unapobandika kiungo, WhatsApp huchora kadi ndogo yenye picha na kichwa cha habari. Vitu hivyo huvisoma kwenye maelezo yaliyoandikwa juu kabisa ya msimbo wa ukurasa, kwa utaratibu wa Open Graph ulioanzishwa na Facebook mwaka 2010. Ukurasa mmoja hubeba seti moja ya maelezo. Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati akituma kiungo cha kadi za harusi, wanakamati wataona picha ileile anayoiona mchungaji aliyetumiwa kiungo cha mabango: labda sura ya dizaina mwenyewe na neno “Karibu”. Kadi ya harusi iliyopaswa kujiuza haionekani mpaka mtu abonyeze.

Kuna mtego jirani. Baadhi ya programu za kujengea tovuti hubadilisha anwani bila kufungua ukurasa mpya, zikiichora kazi kwa JavaScript baada ya mgeni kufika. Kwa macho unaona kurasa nyingi, lakini WhatsApp haisubiri JavaScript ifanye kazi. Inasoma kile seva ilichotuma kwanza, basi. Kama seva hutuma ganda lilelile kwa kila anwani, umebaki na ukurasa mmoja uliovaa nguo za kurasa nyingi.

Uzito, na nani anaulipia

Tupige hesabu ya mfano. Kazi 12, kila moja na picha nne, kila picha kilobaiti 300. Jumla ni kilobaiti 14,400, yaani megabaiti 14 na ushee. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, mzigo huo unachukua kama sekunde kumi na moja na nusu kuingia wote. Mgeni aliyeko DeSoto kwenye intaneti ya nyumbani huenda asihisi kitu. Shangazi wa bibi harusi aliyeko Morogoro, anayefungua kiungo hicho kwa bando lake, atahisi kwenye kasi na kwenye salio.

Ukigawa kurasa, ukurasa wa mbele unabeba picha ndogo 12 za kilobaiti 40, jumla 480. Anayebonyeza kazi moja anaongeza kilobaiti 1,200 za kazi hiyo tu.

Mtetezi wa ukurasa mmoja atajibu kwamba picha zinaweza kuamriwa zisubiri mpaka msomaji azikaribie, na kivinjari cha Chrome kimekuwa na uwezo huo tangu 2019. Jibu ni la haki, ila lina sharti. Kama hukuandika upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo, kivinjari hakijui kiitengee nafasi gani. Mgeni anabonyeza “Nembo” kwenye menyu, anashuka hadi pale, kisha picha za juu zinaingia kwa kuchelewa na kusukuma kila kitu chini, anajikuta amesimama katikati ya mabango. Mrukoruko huo Google huupima, na kiwango kizuri hakizidi 0.1. Dawa yake ni namba mbili kwa kila picha, na hata wenye kurasa nyingi hawana ruhusa ya kuziacha.

Kutafutwa na kuhesabiwa

Kila ukurasa una kichwa kimoja rasmi, kile kinachosomeka juu ya kivinjari na kwenye matokeo ya utafutaji. Ukurasa mmoja wenye kichwa “Dizaina, DeSoto” unalazimika kushindania maneno yote kwa mpigo: kadi za harusi, nembo za biashara, mabango ya kanisa, menyu za mgahawa. Ukurasa wa menyu peke yake, wenye kichwa kinachotaja menyu na Houston na maelezo ya kazi ilivyofanyika, unampa anayetafuta sababu ya kuuchagua.

Kuhesabu nako ni hivyohivyo. Google Analytics huhesabu ufunguzi wa kurasa bila kuombwa. Kwenye ukurasa mrefu, kipimo chake cha kawaida cha kuteremka hurekodi tu mgeni anapofika asilimia 90 ya urefu. Ukitaka kujua kama watu husimama kwenye nembo au kwenye mabango, lazima uweke vipimo vya ziada kwa mkono. Kwenye kurasa nyingi jibu linakusubiri kwenye orodha.

Pale ukurasa mmoja unaposhinda

Mhitimu anayetafuta ajira yake ya kwanza, mwenye kazi tano za aina moja, hana cha kugawa. Msomaji wake ni mwajiri mmoja, atapita mara moja, na ataamua kwa mtazamo wa jumla. Kumlazimisha afungue milango mitano ni kumchosha. Vivyo hivyo dizaina anayeuza huduma moja tu: anwani moja inamtosha, na faili moja ni rahisi kuitunza.

Tena, urefu na wingi ni mambo mawili. Kazi ya mgahawa iliyoanzia kwenye mchoro wa penseli, ikapita kwenye rangi, menyu na bango la nje, ni hadithi. Iandikie ukurasa mrefu wa kuteremka kadiri inavyotaka, ndani ya tovuti yenye kurasa nyingi.

Hata ile hoja ya ulaini imepungua uzito. Tangu Juni 2024, Chrome toleo la 126 linaweza kuhamisha mgeni kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa mfifio laini, bila JavaScript, kwa amri fupi ndani ya CSS; Safari ilifuata Desemba mwaka huohuo. Kivinjari kisichoielewa amri hiyo hufungua ukurasa kama kawaida, na hakuna kinachoharibika.

Kuhama bila kupoteza wageni

Aliyekwisha kujenga ukurasa mmoja na sasa anataka kugawa ana kikwazo kimoja kisichoonekana. Viungo vya zamani, kama /#harusi, tayari viko kwenye magrupu na kwenye barua pepe. Kwa kuwa seva haikioni kile kipande cha mwisho, huwezi kuiagiza imwelekeze mgeni kwenye anwani mpya. Njia ni kuacha mistari michache ya JavaScript kwenye ukurasa wa mbele, isome kilichoandikwa baada ya alama ya reli na kumpeleka mgeni /harusi. Kisha kila ukurasa mpya upewe kichwa chake, maelezo yake, na picha yake ya kadi, kwa kipimo kilichozoeleka cha pikseli 1200 kwa 630.

Usianze na kazi zote. Anza na zile ambazo wateja huomba kutumiwa tena na tena, maana hizo ndizo zimekuwa zikidai anwani muda wote. Zilizobaki zikae kwenye ukurasa wa mbele, na isipotokea mtu wa kuuliza habari zake, huenda hazikustahili kuwemo kwenye potifolio.