Kitendawili Kisichopata Mji: Maoni kuhusu Mitego Iliyoshindwa, Kitale na Bungoma

Mhakiki anayefungua mkusanyiko wa vitendawili vya Kiswahili kwa kawaida hukutana na mambo mawili: kauli ya mtegaji na jibu lake. Ni nadra kuonyeshwa kwamba kitendawili fulani kilitegwa jioni fulani, hadhira ikanyamaza, mtegaji akapewa mji, akatoa jibu, watu wakaguna. Ni nadra zaidi kuambiwa kwamba jibu la mtoto mmoja lilikuwa bora kuliko la mwenye kutega. Mikusanyiko yetu ni orodha ya washindi. Kwa sababu hiyo, nadharia tulizozijenga juu yake, ziwe za muundo au za dhima, ni nadharia za vitendawili vilivyofaulu, na ni vigumu kwazo kutueleza kufaulu kwenyewe ni nini. Makala haya yanaangalia upande wa pili, yaani kitendawili kilichoshindwa, kama kinavyoelezwa na yule aliyekitega.

Sidai kwamba huu ni utafiti wa nyanjani. Ni kumbukumbu za mtu aliyekulia Bungoma, akafundisha Kiswahili katika shule ya upili karibu na Kitale miaka ya mwisho ya 1990, na ambaye mwenyewe ametega vitendawili vibovu visivyopungua sita. Katika mazungumzo na watu wa aina yangu nimegundua kwamba fanani husahau upesi vitendawili vyake vizuri, kwa kuwa vikishapokewa huwa mali ya wote. Vilivyoshindwa hubaki vyake peke yake, naye huvikumbuka neno kwa neno.

Kitenzi tunachokitumia chafaa kutuongoza. Kitendawili hutegwa kama mtego wa kwale, kisha huteguliwa. Mtego usionasa huenda umefungwa vibaya. Lakini yawezekana pia umefungwa vizuri sana, ila umewekwa kwenye njia ambayo mnyama hapiti. Hizi ni kasoro mbili tofauti, na uhakiki wa fasihi simulizi haujazoea kuzitenganisha.

Nianze na mtego uliofungwa vibaya. Mwenzangu mmoja tuliyefundisha naye aliwatungia wanafunzi wa kidato cha kwanza kitendawili hiki: “Amevaa nguo juu ya nguo, wala hasikii baridi.” Jibu alilolikusudia lilikuwa hindi. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la nchi ya Kenya. Aliamini kwamba jibu lingekuja kabla hajamaliza kutamka. Wanafunzi wakasema kitunguu. Akakataa. Wakasema kabichi, kisha mgomba. Akakataa tena. Mwishowe kijana mmoja akasema: “Ni babu yangu, asubuhi ya mwezi wa Julai.” Anayeujua mji wa Kitale, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, anajua asubuhi hizo zilivyo. Darasa likapiga makofi. Mwenzangu akalikataa jibu hilo pia, akadai mji, akapewa kwa shingo upande.

Kosa lilikuwa wapi? Robert Georges na Alan Dundes, katika makala yao ya mwaka 1963 kuhusu muundo wa kitendawili, waligawa vitendawili katika makundi mawili: vile ambavyo vipengele vyake vya maelezo vinapingana, na vile ambavyo havipingani. Kitendawili cha mwenzangu kilijifanya kuwa cha kundi la kwanza ilhali kilikuwa cha pili. Neno “wala” liliahidi mgongano, lakini mgongano haukuwepo: aliyevaa nguo juu ya nguo ana sababu nzuri ya kutosikia baridi. Kwa upande wa hindi, kipande cha pili hakifanyi kazi yoyote. Hindi halisikii baridi kama vile jiwe lisivyosikia. Ni katika jibu la yule kijana tu ambapo vipande vyote viwili vinafanya kazi: nguo ni nyingi, na baridi ipo kweli, inakingwa. Alichofanya kijana ni kukitimiza kitendawili ambacho mtegaji alikiacha nusu. Baadaye mwenzangu alikirekebisha kikawa: “Akivuliwa nguo hucheka,” na hapo meno ya hindi yakaonekana, mgongano ukawa wa kweli, maana nani avuliwaye nguo hadharani akacheka? Lakini alipokitega upya mwaka uliofuata kilijibiwa mara moja, naye akaniambia kwamba hakukifurahia hata nusu ya alivyokifurahia kile kibovu.

Mtego wa pili ni wangu, na ni wa kasoro ile nyingine. Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kilichojaa ushairi wa pwani. Nikawategea wanafunzi: “Pwani natembea ubavu, jikoni nawaka, ukinitamka kwa ukali watu hutulia.” Jibu ni kaa: yule mnyama wa ufukweni, kaa la moto, na amri ya kukaa. Hadi leo sioni dosari katika ufungaji wake. Vipengele vitatu, neno moja, hakuna kilicholegea. Darasa lilinyamaza kama msikiti.

Tatizo halikuwa kwamba wanafunzi hawakuvijua vitu vyenyewe. Kaa wapo katika mito inayoshuka kutoka Mlima Elgon, na wengi wa watoto wale walikuwa wamewashika kwa mikono. Walikuwa na jina lake katika Kibukusu, au Kisabaoti, au lugha nyingine ya nyumbani. Neno la Kiswahili ndilo hawakuwa nalo. Makaa waliyajua vizuri, lakini kwao neno hilo lilikuwa la wingi lisilo na umoja, aliyetaka moja aliomba “makaa moja.” Kwa hiyo kati ya njia tatu zilizoelekea kwenye jibu langu, mbili zilikuwa zimefungwa kabla sijaanza. Kitendawili chochote kinachotegemea sauti ya neno humtaka msikilizaji awe ameishi ndani ya lugha, si ndani ya ulimwengu tu. Mimi niliwategea watoto wa Kitale mtego ambao njia yake hupita Mji wa Kale.

Nikasema, kama ilivyo desturi, “Nipeni mji.” Sauti kutoka nyuma ikajibu: “Tumekupa Mombasa.” Wote wakacheka, nami nikacheka, nikatoa jibu, nikaendelea na somo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba lile lilikuwa tendo la uhakiki. Katika mchezo huu mji ni fidia: mtegaji hupewa mahali pa mbali, pa kutamanika, ajitambe kwamba amekwenda huko akala, akanywa. Kunipa Mombasa kulikuwa kunirudishia mzigo wangu ulikotoka. Tangu hapo nimeamini kwamba mji unaotolewa ni sehemu ya matini ya kitendawili, nao wakusanyaji hufanya kosa kubwa kwa kutouandika.

Msomaji asinielewe vibaya: sisemi kwamba fumbo la pwani halistahili kuvuka Voi. Hata pwani kwenyewe mafumbo hayakujieleza yenyewe daima. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalijaa maneno na visa ambavyo vizazi vya baadaye vingeshindwa kuvifumbua lau si kazi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyemkusanyia na kumfafanulia William Taylor mashairi hayo mwishoni mwa karne ya 19. William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Lililohifadhiwa pale si mashairi tu, ni funguo pia. Mimi nilisafiri na kufuli, ufunguo nikauacha Mombasa.

Inafaa kukumbuka kwamba mwandishi mmoja alisafiri njia hiyo hiyo kwa namna iliyo bora. Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia na kufariki Aprili 2020, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Siku Njema, mwaka 1996. Mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, ni kijana wa Tanga ambaye jina lake la kwanza ni la mtaa wa Mombasa na la pili ni la watu wa pwani, nacho kitendawili cha maisha yake, yaani baba yake ni nani na yuko wapi, jibu lake liko Kitale. Sadfa ni nyingi riwayani humo, na mimi ni miongoni mwa wanaoziona kuwa nyingi mno. Lakini mwelekeo wa fumbo ni ugunduzi mkubwa. Tulizoea kuona bara ikiuliza na pwani ikijibu, hasa katika mambo ya lugha. Walibora aligeuza, akampeleka Mswahili kwa jina na kwa asili bara kutafuta jibu. Wanafunzi wangu walionipa Mombasa walikuwa wakidai jambo hilo hilo, kwa ufupi zaidi.

Kitendawili cha tatu ni cha bibi yetu, ambaye sisi tulimwita kukhu, na hiki hakikushindwa kwa kukosa jibu. Kilipata jibu upesi mno. Ilikuwa jioni, tumeketi jikoni kwake katika kijiji kimoja cha Bungoma, watoto wengi na watu wazima watatu au wanne, mmojawapo jirani aliyekuja kuomba moto akaketi kidogo. Kukhu akatega: “Hulima usiku, mchana haonekani shambani.” Jibu lake lilikuwa fuko, adui wa kila mwenye viazi vitamu. Kabla hajavuta pumzi, mtoto mmoja akataja jina la yule jirani.

Msimu ule kulikuwa na maneno, yakisemwa kwa sauti ya chini, kwamba miche ya mpaka kati ya mashamba mawili ilikuwa ikihama usiku. Watoto huyasikia mambo haya wakiwa wamelala. Sasa jina lilikuwa limetamkwa mbele ya mwenyewe, kama jibu, katika mchezo. Kukhu akasema, “La, ni fuko,” lakini hakuna aliyemsikiliza. Jirani akachukua moto wake akaenda. Hakurudi tena kuuomba.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kukhu kama alikitega makusudi. Akakana, na namwamini. Akaongeza neno ambalo nimekuwa nikilitafakari tangu hapo: kwamba kitendawili kikishapata mwenyewe si kitendawili tena. Hapa ameitaja tofauti ambayo vitabu vyetu vya fasihi simulizi huieleza kwa shida. Kitendawili na fumbo vyote huficha. Lakini kitendawili humficha mtajwa asiyejali, awe yai, hindi au fuko, na hadhira yote husimama upande mmoja ikimtafuta. Fumbo lina mlengwa, naye yumo katika hadhira au jamaa zake wamo. Ndiyo maana methali inayajua mafumbo kuwa ni ya kufumbiwa mjinga, naye mwerevu akayang'amua. Usiku ule utanzu mmoja uligeuka kuwa mwingine bila hata silabi moja kubadilika. Kauli ya kukhu ilibaki ile ile. Lililobadilika ni kwamba palikuwa na mtu mlangoni.

Kwa nadharia ya upokezi hili si jambo geni. Lakini linatia doa wazo tulilolirithi, kwamba jibu sahihi ni lile alilonalo mtegaji. Mtoto yule alikosea kuhusu fuko. Kuhusu kauli aliyoisikia, kila neno lake liliafiki. Alifanya kama alivyofanya kijana wa Kitale kwa babu yake wa mwezi wa Julai, akaziba nafasi iliyoachwa wazi. Tofauti ni kwamba mmoja alipigiwa makofi, na mwingine, nakumbuka, alipigwa kofi.

Mtego mwingine wangu nitautaja kwa ufupi, kwa kuwa kasoro yake ni ya wakati tu. Niliwahi kutunga: “Hunuka kabla hujamwona, hula miti akatema shuka nyeupe.” Mtu yeyote aliyesafiri barabara ya Eldoret kwenda Bungoma katika siku zile alikijua kiwanda cha karatasi cha Webuye kwa pua kabla ya macho, na kitendawili kilikuwa kikijibiwa kwa kicheko. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009. Nilipokitega mbele ya watoto waliozaliwa baada ya hapo, nilipewa mji kwa heshima, kama mtu anavyopewa kiti.

Yabaki swali la mtegaji asiyetaka kuteguliwa. Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, jina la pili likiwa na maana ya njia zinazompoteza apitaye. Mengi yaliyoandikwa juu ya vitabu hivi viwili yamekuwa juhudi za kutafuta ufunguo, na wasomaji wengine wakavitangaza kuwa havisomeki. Aristotle alikwisha kuonya kwamba usemi uliojengwa kwa sitiari tupu huwa kitendawili. Kwa maoni yangu onyo hilo haliwagusi Nagona na Mzingile kama tunavyodhani, kwa sababu mwandishi hakudai mji wowote kutoka kwetu. Hakusema ana jibu. Kosa la mwenzangu, na langu darasani, lilikuwa kudai mji bila haki: yeye kwa kuwanyima wengine jibu lililokuwa bora, mimi kwa kuwatoza wanafunzi neno nisilowafundisha. Ugumu peke yake haukivunji kitendawili.

Mwenzangu amekwisha kustaafu. Nilipomtembelea aliniletea daftari lake la zamani, lenye vitendawili alivyovitunga na majibu yake. Penye kile cha nguo juu ya nguo, neno “hindi” limepigwa mstari, na juu yake, kwa wino mwingine, ameandika: babu, Julai.