"Ndugu" na "Mheshimiwa"
Istilahi haitaji kitu tu, bali humjenga aitaye na aitwaye. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, neno "ndugu", lililokuwa la ukoo, lilienea likawa la kumwitia kila raia: waziri na mkulima wakaitwa sawa. Tangu vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, "mheshimiwa" nalo limeenea hadi nje ya Bunge. Hapa Ipogolo, chini ya kilima cha Iringa, watu huamkiana "kamwene" njiani pasipo kuulizana vyeo. Wakutanapo ofisini, mmoja huwa "mheshimiwa" na mwenziwe hujiona mdogo mbele ya haki yake mwenyewe. Kasoro si ya neno, ni ya matumizi. Mfasiri na karani walihifadhi kwa Wabunge. Barua nyinginezo zianze kwa "Ndugu".