Othello Hakufumania

Kitanda ndicho kilichoiharibu filamu ya Othello ya Oliver Parker, ile ya mwaka 1995. Mnaikumbuka sehemu yenyewe: Iago, msaidizi wa Othello, ameshapenyeza sumu, Othello hana raha tena, mara tunaonyeshwa mkewe Desdemona na luteni wake Cassio kitandani. Ni njozi za Othello, naam. Lakini mtazamaji akishaona, ameona, na hakuna mstari unaoweza kumfutia picha ile.

Irudieni tamthilia ya Shakespeare, tendo la tatu, onyesho la tatu. Othello anaingia akiwa mume anayempenda mkewe, anatoka ameapa kumuua. Kati ya hapo hakuna kilichombadilisha ila maneno. Iago anasitasita, anauliza nusu swali, anarudia neno la bwana wake kama mtu anayeogopa kusema. Othello anadai ushahidi wa macho, na Shakespeare anamnyima kwa makusudi. Anapewa ndoto ya Cassio, tena kwa mdomo wa Iago, na habari ya leso ya Desdemona ambayo Cassio eti alijipangusia ndevu. Msiba wote umo humo. Jemadari aliyezoea kupima habari za vita anauachia wivu uhukumu kesi isiyo na shahidi. Na huyu ndiye ambaye Brabantio, baba wa Desdemona, alipomshtaki mbele ya baraza la Venice aliomba Desdemona aitwe aeleze mwenyewe. Haki iliyomwokoa yeye, hampi mkewe.

Parker amempa macho. Palepale kosa la Othello linapungua uzito, kwa sababu sasa tunamwonea huruma mume aliyefumania. Othello hakufumania! Alipomhoji Emilia, mhudumu wa Desdemona, Emilia alikanusha waziwazi, naye Othello hakumwamini. Swali la leso alikuja kumuuliza Cassio baada ya Desdemona kufa, akajibiwa kwamba iliokotwa chumbani. Filamu iliyokwisha kutuonyesha kitanda haiwezi tena kulipa jibu hilo kishindo chake.

Ni ugonjwa wa zamani wa filamu za Shakespeare, nami sitachoka kuulalamikia: mistari inakatwa, kisha nafasi inajazwa picha. Waigizaji wa Parker siwalaumu: Laurence Fishburne, Othello wake, ana utulivu unaotisha, na Kenneth Branagh, Iago wake, anavyoikazia macho kamera ni kazi safi.

Kinyume chake, Orson Welles, ambaye filamu yake ya Othello ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1952, aliwatembeza Othello na Iago juu ya kuta za ngome ya Mogador, Moroko, kamera ikiwafuata bila kukata. Hatua na maneno tu, na wivu unakua mbele yetu. Welles alijipaka rangi ili amwigize Othello, mtu Mweusi, na hilo silitetei, kama ambavyo sijawahi kumsamehe Laurence Olivier kwa ule weusi wake wa mwaka 1965. Ndiyo maana namweka juu mwigizaji Mweusi John Kani, aliyemwigiza Othello akiongozwa na Janet Suzman katika Market Theatre ya Johannesburg mwaka 1987, ubaguzi wa rangi ukiwa bado sheria ya nchi. Kani aliubeba wivu kwa mwili na sauti, bila njozi ya kumsaidia.

Anayeiandaa Othello leo, kwa jukwaa au kwa kamera, namsihi jambo moja: kitanda kisionekane mpaka tendo la tano, na Desdemona awe amelala peke yake.