Stempu Isiyobanduka

Katika ukusanyaji wa stempu mna tawi moja ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Ni lile la kadi, bahasha na barua za ndege ambazo Posta yenyewe huziuza zikiwa zimekwisha kuchapwa stempu juu yake. Mnunuzi hulipa mara moja, karatasi na ada ya posta pamoja, kisha huandika na kupeleka. Stempu ya namna hii hailambwi wala haibanduki kwa maji. Imezaliwa pamoja na karatasi yake. Na kwa kuwa haibanduki, wakusanyaji wa zamani walichukua mkasi, wakakata kipande cha mraba chenye stempu, wakakitia katika albamu, na kilichobaki wakakitupa. Desturi hiyo ndiyo tunayotaka kuijadili, maana hata leo tunaiona katika albamu za wanafunzi wetu.

Kwanza yafaa tujiulize karatasi hizi zilikusudiwa nini. Mwaka 1840 Uingereza ilipotoa stempu ya kwanza ya kubandika, ilitoa pia bahasha na karatasi za barua zilizokwisha kulipiwa, zikiwa na mchoro wa William Mulready. Mchoraji alikuwa bingwa, lakini hakuacha kitu: mfano wa taifa lake umeketi juu, simba yupo miguuni, wajumbe wenye mabawa wanaruka pande zote, tembo na ngamia wamo, na watu wa mabara ya mbali wamo. Umma ukacheka. Michoro ya dhihaka ikauzwa madukani, na muda si muda serikali ikaziondoa karatasi zile na kuziharibu kwa wingi. Kwa maoni yetu kicheko kile kilikuwa hukumu ya haki. Mtu amenunua karatasi ili ampashe nduguye habari, naye anakuta dola imetangulia kusema, tena kwa sauti kubwa.

Tulinganishe na kadi ya Dola ya Austria na Hungaria, iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 1869, ambayo ndiyo kadi ya posta ya kwanza duniani kutolewa na serikali. Mwezi Januari wa mwaka huo Emanuel Herrmann, mwalimu wa elimu ya uchumi, alikuwa ameandika katika gazeti la Vienna kwamba gharama ya barua fupi ni kubwa mno. Akapendekeza kadi ya bei nafuu isiyozidi maneno 20, anwani na jina la mwandishi yakiwa humo humo. Posta ikalikubali wazo lake, ila mpaka wa maneno ikauacha. Kadi yenyewe haina pambo la kutajika. Upande mmoja ni wa anwani na stempu ya kreuzer 2, hali barua ya kawaida ilitozwa 5. Upande wa pili ni uwanja mtupu, na chini yake ilani kwamba Posta haiwajibiki kwa yatakayoandikwa. Sisi tulio katika fani ya ushairi twaijua raha ya uwanja mdogo. Uzuri wa kadi ile umo katika nafasi iliyomwachia mwandishi.

Sasa stempu iko upande mmoja na maneno yako upande wa pili wa karatasi ile ile. Huwezi kuikata stempu usiyatoboe maneno. Twasema haya kwa kuwa tuna hatia. Katika miaka ya 1980, tulipokuwa sekondari, ami yetu alikuwa masomoni ng'ambo, akituletea habari zake kwa barua za ndege, zile karatasi nyepesi za buluu ambazo hukunjwa zikawa bahasha. Hairuhusiwi kutia kitu ndani, basi ami alijaza kila pembe, hata kwenye mikunjo. Tulizikata stempu zote. Ami alipofariki, baba alitaka barua zile zisomwe mbele ya jamaa. Kila tulipofika penye tundu la mraba tulinyamaza, kisha tukaendelea na mstari wa chini. Katika barua moja alitaja deni, na jina la mwenye kudai lilikuwa katika kipande tulichokata. Tulikwenda kukibandua katika albamu. Gundi ilikuwa imekula wino.

Katika historia ya nchi yetu hasara ni ya namna hiyo hiyo. Wajerumani walifungua posta Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890, na kuanzia 1893 stempu na kadi zao za pfennig zilipigwa chapa ya "Pesa", kwa kuwa biashara ya pwani ilihesabiwa kwa rupia, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1905 ikaja heller, 100 kwa rupia. (Heller imesahauliwa, pesa ingali kinywani mwa kila mtu.) Kipande kilichokatwa kitakuonyesha neno hilo na thamani yake tu. Kadi nzima itakuonyesha muhuri wa mji na tarehe, aliyeandikiwa, na hati ya mkono wa mwandishi.

Mabingwa wamekwisha kulitambua jambo hili. Katika maonyesho ya kimataifa tawi hili lina daraja lake, na kanuni zake zataka karatasi nzima. Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaotukuza kadi safi isiyoandikwa kuliko iliyotumika. Kadi safi ni ushahidi wa kiwanda cha uchapaji peke yake.

Mwalimu atakayebahatika aitafute kadi ya majibu, ambayo Ujerumani ilikuwa nayo tangu 1872: ni kadi mbili zilizoungana, moja ya kupeleka, ya pili imelipiwa tayari ili aliyeandikiwa ajibu. Nyingi zilitenganishwa safarini. Akiiona ambayo bado ni pacha, ya kwanza imeandikwa na ya pili ni tupu, basi aliyeandikiwa hakuitumia nafasi ile, ingawa alikuwa amekwisha kulipiwa.